Diski Inayofungukia Ukurasa wa Pili

Mke wangu alizungumza mbele ya watu mara moja tu katika maisha yake, na siku hiyo mimi sikumsikia.

Ilikuwa siku ya kumuaga binti yetu wa mwisho, aliyeolewa Runazi, upande wa Biharamulo. Katika sherehe zetu baba wa binti huketi pamoja na wakwe. Huwekwa mbele, karibu na chungu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna mgeni anayejiona amesahauliwa. Spika zilikuwa zimeelekezwa kwa umati uliokaa upande wa pili wa turubai, nasi wazee tulikuwa nyuma ya spika hizo. Mke wangu alipopewa maiki, nilikuwa nimemwinamia mkwe wangu, ananieleza habari za ng'ombe wake mgonjwa. Nilisikia watu wanacheka. Sikuuliza wanacheka nini, kwa maana mwenye sherehe hamkatizi mkwe ili aulize jambo la namna hiyo. Tuliporudi nyumbani jioni tulikuwa tumechoka, na mke wangu hakuwa mtu wa kurudia alichokwisha kukisema.

Alifariki miaka michache baadaye, wakati wa kupanda maharage. Baada ya mazishi, dada yake mkubwa aliketi karibu nami uani, akaninong'oneza:

"Shemeji, wewe angalau ulitajwa mbele ya watu. Mimi na wangu tungezikana bila neno."

Nikamgeukia. Akanitazama, akatambua.

"Hukusikia?"

"Nilikuwa na wageni."

"Mungu wangu. Basi kaangalie kwenye video. Mimi siwezi kulisema lile kama alivyolisema yeye."

Akaenda zake jikoni. Sikumfuata. Mwanamume wa umri wangu hatembei akiuliza mke wake alisema nini juu yake. Hata hivyo, tangu siku hiyo nilijua kwamba ndani ya nyumba yangu, katika kava la diski lililochapwa maua ya nchi nyingine, kulikuwa na neno juu yangu ambalo kila mtu alikwisha kulisikia isipokuwa mimi.

Mpiga video tuliyemwajiri alikuwa amerekodi siku nzima, na siku nzima ndiyo aliyoiweka kwenye diski. Inaanza na jua linalochomoza juu ya migomba, jambo ambalo nyumbani kwetu Kasulo hutokea kila siku na halihitaji kurekodiwa. Wanafuata wanawake wanaomenya ndizi, kisha barabara, kisha magari ya wakwe yanayokuja polepole kana kwamba yamebeba mayai, kisha kwaya, kisha watu wanaocheza kwa mstari kwenda kutoa zawadi, nao hawaishi. Mke wangu yuko mbali huko mbele. Umeme wa nguzo haujafika kwangu. Nina sola, na betri yake ni ndogo. Taa inaiweza, lakini televisheni na deki huimaliza upesi. Niliweka diski ile jioni nyingi. Kila mara watu wangali katika mstari wa zawadi, kile kisanduku cha betri hulia kama kifaranga, picha ikajifunga, nami nikabaki nikitazama kioo cheusi chenye sura yangu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikuirukisha mbele. Nilijaribu. Rimoti ina kitufe cha kukimbiza, na ukikibonyeza watu hukimbia kweli: wakwe wanakimbia, kwaya inakimbia, mke wangu mwenyewe anapita kama mtu anayefukuza mbuzi. Ukitaka kumrudia, deki inakurudisha kwenye jua na migomba.

Mjukuu wangu angeweza kunitafutia. Ndiye aliyekuwa akiishi nami tangu msiba, kwa kuwa wazazi wake wanafanya biashara Kahama, na ndiye anayeandika maneno haya sasa, akiwa likizoni. Sikumwomba. Neno ambalo mke wangu alilisema juu yangu sikutaka kulisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na mtu pembeni anayetazama uso wangu. Hilo ni jambo la mtu kukaa nalo peke yake, mlango umefungwa.

Jambo lililoniamsha ni kwamba mjukuu wangu alichaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mbali. Kabla ya hapo nilikuwa nimejiambia kwamba ipo siku. Sasa niliona kwamba akiondoka, hata yule wa kunichomekea nyaya za deki hatakuwapo. Nadhani naye alikuwa amenichunguza kwa muda mrefu bila kusema, kwa sababu jioni moja, kioo kilipojifunga, alisema:

"Babu, kuna diski zenye menyu."

"Menyu si ya hotelini?"

"Hata kwenye diski ipo. Unaiweka, haianzi kucheza. Inakuletea ukurasa wenye sehemu zote, kama nyumba yenye milango. Unachagua mlango, unaingia moja kwa moja. Hupiti kwenye migomba."

"Milango hiyo imeandikwa?"

"Mara nyingi imeandikwa."

Mimi sikusoma. Sisemi hivyo ili nihurumiwe, maana nimelima, nimeoza mabinti na nimesuluhisha ugomvi wa mipaka bila kusoma. Lakini maandishi kwangu ni kama shamba la mtu lililozungushiwa uzio: naona kwamba limepandwa, sijui limepandwa nini. Nikamwambia kwamba diski yenye milango ya maandishi ingekuwa ni kunihamisha kutoka gizani kunipeleka uani kwa jirani.

"Basi tutatafuta ya picha," akasema.

Kijana anayejaza nyimbo kwenye simu hapa senta yetu alicheka tulipomweleza. "Babu, DVD? Hata mimi deki yangu niliiuza. Labda Kabanga." Tukaenda Kabanga.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa na chumba kidogo karibu na mahali mabasi yanaposimama, na nje ya mlango wake walikaa wabadilisha fedha wakiwaita watu wanaotoka na kuingia Burundi. Alikuwa kijana mwenye kofia aliyoivaa ndani ya nyumba. Alisimama, akasalimu vizuri.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Na huyu binti yako, karibu."

"Mimi siyo binti yake," mjukuu wangu akamjibu. "Mimi ndiye mke mdogo."

"Alaa! Basi shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja na mzee hapa, ana kichwa kigumu, utuvumilie."

Wakacheka. Utani wa babu na mjukuu ni halali, siukatazi. Niliwaambia tu kwamba tumekuja kwa kazi na basi la kurudi halisubiri wachekaji.

Fundi aliigeuza diski yetu kwenye mwanga, akapuliza. Shauri lake la kwanza lilikuwa tuachane na diski kabisa. Alitaka kukata sehemu ninayoitaka na kuiweka kwenye flashi. Nikamuuliza flashi itanionyesha nini nikiichomeka. Akasema orodha ya majina. Nikamwambia mimi si mtu wa orodha. Akanitazama, akamtazama mjukuu wangu, kisha akaivua ile kofia yake. Tangu hapo aliacha kunieleza mambo kwa haraka.

Kompyuta yake ilikuwa na programu tatu za kutengenezea diski. Majina yake sikuyashika, lakini kila moja ilikuwa na alama yake kwenye kioo, nami nilizitambua kwa alama hizo. Moja ilikuwa na moto, nyingine nyota, nyingine mkasi.

Ya moto ndiyo aliyoipenda kwa sababu haimsumbui. Unaitupia video, inaichoma kwenye diski, mmemaliza. Lakini haina menyu. Ukiiweka diski inaanza mwanzo hadi mwisho kama ile niliyokuwa nayo. Hiyo tuliiacha mara moja.

Ya nyota aliifungua kwa fahari. Ndani yake kulikuwa na kurasa zilizokwisha tengenezwa: zenye mioyo, zenye maputo, zenye kitu cheupe kinachoanguka kutoka juu ambacho alisema ni theluji. Unachagua ukurasa, programu yenyewe inapanga picha za sherehe yako katika visanduku. Akachagua wa mioyo. Nikamwona mke wangu ndani ya kisanduku, naye alikuwa anatembea. Aligeuza kichwa, akaanza kutabasamu, na kabla tabasamu halijafika akarudishwa mwanzo, akageuza kichwa, akaanza kutabasamu, akarudishwa.

"Ataacha lini?" nikauliza.

"Haachi, mzee. Ndiyo uzuri wake. Hata usipobonyeza, anaendelea tu."

"Msimamishe."

"Hii ndiyo wanayoipenda maharusi wote hapa..."

"Msimamishe, nimesema. Huyu mtu alifariki."

Akabonyeza kitu, mke wangu akatulia. Aliye hai ukimzungusha hivyo atakukemea. Aliyekufa hawezi, kwa hiyo ni wajibu wa mwingine kumkemea fundi. Nilitaka diski ambamo yeye ametulia mpaka mimi mwenyewe nimwite.

Kijana aliomba radhi, akasema hata programu hii inakubali picha zilizotulia. Akazituliza. Hapo ndipo nilipoona michirizi ya maandishi imepita usoni mwake, kutoka paji la uso hadi kidevu.

"Hayo ni nini?"

"Ni jina la programu, babu," mjukuu wangu akasema. "Wanaliweka kwa sababu haijalipiwa."

"Walifute."

"Halifutiki bila kulipia, mzee, na malipo yenyewe ni kwa kadi ya benki," fundi akasema. "Ila ukizoea huyaoni."

"Wewe huyaoni. Mimi nimeishi na uso huo."

Ikabaki ya mkasi. Alisema ni ya bure kabisa na haiandiki kitu usoni mwa mtu, lakini haina ukurasa hata mmoja uliokwisha tengenezwa. Kila picha unaiweka kwa mkono. Kila mlango unauambia unaelekea wapi. Hata rimoti unaifundisha: ukibonyeza kulia mwanga uende wapi, ukibonyeza chini uende wapi. Alisema hayo kama mtu anayeeleza ugonjwa. Mimi nilipoyasikia nilijua tumefika. Chombo ambacho hakijaamua lolote kabla yako ndicho kinachomfaa mtu mwenye msimamo.

"Basi tuanze," nikasema.

Kwanza ilikuwa lazima akate video katika sehemu. Tulipofika kwa mke wangu nilimwambia azime sauti.

"Nitajuaje amemaliza bila kumsikia?"

"Akimrudishia mwenye maiki maiki yake, amemaliza."

Akazima sauti, akatazama. Mimi niligeukia mlangoni, nikawatazama wabadilisha fedha. Baada ya muda akaniita.

"Mzee, hapa bibi haonekani tena. Kamera imehamia kwako. Nikate?"

"Amerudisha maiki?"

"Sijamwona. Ninakuona wewe."

"Basi usikate mpaka umwone."

Kazi ya kukata ilipokwisha, akaniuliza picha zifuatane vipi kwenye ukurasa. Swali hilo halikunisumbua. Nilimtajia utaratibu tunaoutumia kugawa rubisi, kwa sababu siujui mwingine, na kwa sababu nakala zingekwenda Runazi kwa wakwe, watu wanaojua nani hupewa mrija kabla ya nani. Kwanza baba wa bwana harusi. Kisha kaka zake. Kisha mzee wa ukoo wetu aliyetoa mawaidha. Kisha kukabidhiwa kwa ng'ombe. Kisha mchungaji na kwaya. Kisha vijana waliocheza. Wanawake wa jikoni hupewa wakati wageni wote wamekwisha kupata, na mama wa binti siku hiyo ni mtu wa jikoni. Alipanga kama nilivyosema. Ilimchukua muda mrefu, naye hakulalamika tena.

Kisha akachoma diski ya majaribio, akaiweka kwenye deki yake, akanipa rimoti.

Ukurasa ukafunguka. Baba wa bwana harusi alikuwa juu kushoto, amezungukwa na mwanga wa njano, na wengine walimfuata kwa heshima yao. Nilimtafuta mke wangu, sikumwona.

"Yuko ukurasa wa pili, babu," mjukuu wangu akasema. "Ukurasa mmoja unachukua picha sita. Yeye ni wa saba. Shuka mpaka kwenye kishale pale chini, halafu ubonyeze katikati."

Nilishuka. Mwanga ukaenda kwa ng'ombe. Nikashuka tena, ukaenda kwa vijana. Kidole changu cha kulia kiliumizwa na panga zamani na hakihisi vizuri. Nilibonyeza kwenda kwenye kishale, mwanga ukaruka ukarudi kwa mkwe wangu, nikabonyeza katikati, mkwe akaanza kuhutubia. Nilijaribu tena, na mara hiyo kwaya ikaimba. Fundi akatazama ukutani. Nikaiweka rimoti juu ya meza.

Hakuna aliyekuwa amenikosea. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa utaratibu ninaouamini, nilikuwa nimempeleka mke wangu mahali nisipoweza kumfikia.

"Babu," mjukuu wangu akasema taratibu, "tumtoe mtu mmoja hapo mbele. Bibi akae ukurasa wa kwanza."

"Atoke nani?"

"Vijana wanaocheza."

"Mmoja wao ni mtoto wa dada wa mkwe. Wataona hayumo."

"Basi kwaya."

"Mchungaji yuko na kwaya."

"Basi ng'ombe! Ng'ombe hawatakasirika."

Fundi akacheka kwa sauti. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba ng'ombe wale ndio waliofanya siku ile iitwe sherehe, na kwamba bibi yake mwenyewe, kama angekuwapo, angekuwa wa kwanza kuuliza ni nani aliyempandisha mpishi juu ya wakwe. Hilo ni kweli. Alikuwa mkali kwa mambo hayo kunishinda. Mjukuu wangu akakunja mikono, akasema:

"Sasa, babu, utamwonaje? Mimi Jumatatu sipo."

Nje, basi la kwenda Ngara mjini lilikuwa linapiga honi. Niliketi kwenye kiti cha plastiki, nikaitazama ile rimoti, na nilikuwa karibu kabisa kusema turudi nyumbani na diski yetu ya migomba.

Fundi ndiye aliyesema. Alisema kwa kusitasita, kama mtu anayeogopa kukemewa mara ya pili.

"Mzee, hii ya mkasi ina kitu kimoja. Ile ya nyota lazima ifungukie ukurasa wa kwanza, haina mjadala. Hii inakuuliza. Naweza kuiambia, ukiweka diski, ifungukie ukurasa wa pili."

"Na wakwe?"

"Wako palepale ukurasa wa kwanza, kwa mpangilio wako. Hakuna aliyesogezwa. Anayewataka atabonyeza kurudi nyuma. Na nakala za Runazi nitaziacha zifungukie kwao."

Nilifikiri juu ya jambo hilo kwa makini, nikilitafutia kosa. Halikuwa na kosa. Kila mtu alikuwa mahali pake. Ni mlango tu uliohamishwa. Hata wakati wa sherehe, mtu wa nyumbani huruhusiwa kuingia kupitia uani.

"Katika ukurasa huo wa pili yuko na nani?" nikauliza.

"Yuko peke yake, mzee."

"Sawa."

"Kwa hiyo mwanga utakuwa juu yake tayari. Hushuki, hupandi. Unabonyeza katikati tu. Akimaliza kuongea je? Iendelee na sherehe, au irudi kwenye picha yake?"

"Irudi."

"Ikirudi, isubiri, au baada ya muda ijizime?"

"Isubiri."

Akaandika mambo yake. Nilijaribu diski hiyo kabla hatujaondoka, sauti ikiwa imezimwa. Nilibonyeza mara moja, nikamwona akipokea maiki, nikaizima. Mjukuu wangu alipiga makofi. Nilimwambia achukue mfuko twende.

Alisafiri siku ya Jumatatu. Nilimsindikiza barabarani, akaniaga kwa kupiga goti kidogo kama alivyofundishwa na bibi yake, akapanda gari. Alikuwa amepaka rangi nyekundu ya kucha kwenye kitufe cha katikati cha rimoti, na nyaya amezifunga kwenye ukuta zisichomoke. Nyumba nilipoirudia ilikuwa imefagiliwa, na hilo lilinifanya niione kubwa zaidi.

Siku chache niliiacha ile diski. Sijui kwa nini niliacha. Mvua ilikuwa inanyesha na betri haikujaa, hiyo ni sababu, lakini hata lilipotoka jua nilikwenda shambani. Kisha alasiri moja, jua likiwa kali, kisanduku cha betri kikaonyesha taa ya kijani, nikafunga mlango, nikaweka diski.

Ukurasa ukafunguka. Yeye peke yake, amevaa kitenge cha bluu, ametulia. Nikambonyeza.

Akapokea maiki. Akaifuta kwa ncha ya kitenge, kama anavyofuta kikombe kabla ya kumpa mtu. Akasema kwa Kihangaza, lugha yetu, kwamba yeye si mtu wa kusema. Akamwambia binti yetu ashike jembe siku ya pili tu baada ya kufika, asingoje kuambiwa. Asibebe maneno ya nyumba hii kuyapeleka nyumba ile. Mama mkwe akikohoa usiku ainuke. Kisha akasema:

"Baba yako hajawahi kuniambia ahsante. Msicheke, ni kweli, wapo wanaomjua hapa. Lakini tangu nilipokuja kwake hajawahi kutia tonge kinywani kabla hajasikia kigoda changu kimegusa chini kule jikoni. Anadhani mimi sijui."

Kwetu mwanamume hula sebuleni na wanawake hula jikoni. Kati yetu kulikuwa na ukuta. Nilikuwa nikisubiri ile sauti ya kigoda, nikijifanya ninanawa mikono kwa muda mrefu, kwa sababu nilijua kwamba asipoketi hatakula, atakuwa anapakulia watoto mpaka sufuria iishe. Sikuwahi kumwambia mtu. Sikujua kwamba lilikuwa jambo linaloonekana.

Mjukuu wangu, usiache kuandika.

Hapo picha ikamwacha. Mpiga video alikuwa amegeuza kamera kumtafuta huyo baba anayesemwa, akampata. Nikajiona nimeinama kwa mkwe wangu, mrija mkononi, nikitikisa kichwa kwa huzuni ya ng'ombe. Nyuma yangu sauti ya mke wangu ikasema:

"Mtazameni basi. Hata sasa hanisikii."

Ndipo watu walipocheka kile kicheko nilichokuwa nimekisikia siku ile. Yule mtu kwenye kioo aliinua kichwa kidogo, akatazama upande usiokuwa wenyewe, akarudi kwa ng'ombe. Kicheko kilipokwisha, sauti yake ikamwambia binti: "Ukifika huko usingoje maneno. Sikiliza." Kamera ikamrudia, akiwa anatoa maiki, akiwa tayari anatazama kule kwenye masufuria.

Ukurasa ukarudi. Akatulia, mwanga ukiwa juu yake, kama nilivyoagiza.

Nilibonyeza tena. Mara ya pili sikumtazama yeye. Nilimngoja yule mzee mwenye mrija, nikamtazama sikio. Mara nyingine tena nilifumba macho. Kisha nikaitazama betri, nayo ilikuwa bado ya kijani. Zamani ilikuwa ikilia na kunikatisha, nami nilikuwa nikiikasirikia na kwenda kulala. Sasa haikulia. Ukurasa ulisubiri, na ungesubiri mpaka usiku, na hapakuwa na mtu wala kitu cha kuniambia inatosha. Nikaizima mwenyewe.

Maharage niliyokuwa nimeyabandika asubuhi yalikuwa yameiva. Nilijipakulia, nikaketi sebuleni, nikanawa mikono. Nilisubiri kidogo. Kisha nikala.